Upepo Uingie Huku, Moshi Utoke Kule

Chumba chenye dirisha moja hakipati hewa ya kutosha, hata dirisha lenyewe liwe pana. Hewa safi haiingii mpaka iliyomo ipate pa kutokea. Ndiyo maana kabla ya kumuuliza fundi ukubwa wa dirisha, muulize upepo utaingilia wapi na utatokea wapi.

Kwa anayejenga Kisiwani, wilayani Same, mlima unasaidia sana. Kata hii iko mashariki mwa milima ya Upare Kusini, na mbele yake ni nyika ya Mkomazi. Mchana jua likipasha miteremko, hewa hupanda kutoka nyikani. Usiku miteremko ikipoa, hewa ya baridi hushuka. Dirisha moja likitazama mlimani na jingine nyikani, chumba kitapata upepo mchana na usiku bila feni.

Jikoni kuna kazi zaidi. Moshi wa mafiga una joto, hivyo hupanda hadi kwenye bati. Ukikosa upenyo hujaa huko juu, kisha hushuka polepole mpaka usoni kwa mpishi na kwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Angalia ukuta wa jiko lako: ukikuta masizi yameanza usawa wa kifua, ujue moshi hushuka hadi hapo kila unapopika. Acha upenyo juu kabisa, karibu na kilele cha paa, na mwingine chini. Kadiri upenyo wa juu unavyoachana kwa kimo na wa chini, ndivyo moshi unavyovutwa kwa nguvu.

Najua pingamizi litakalokuja: mbu. Ni la haki kabisa, maana mbu wa malaria hupenda kuingilia penye uwazi kati ya ukuta na paa. Lakini kuziba uwazi huo kwa udongo ni kuwafungia watoto ndani na moshi. Weka wavu wa mbu, na kwa kuwa wavu hupunguza upepo, panua upenyo. Wavu wa jikoni usugue mara kwa mara, kwani masizi huziba matundu yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo jema, lakini chakula cha leo jioni bado kinapikwa kwa kuni. Basi zianikwe zikauke, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi kuliko upenyo unavyoweza kuutoa.

Huko juu milimani, msimu wa baridi wa Juni na Julai, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto. Mkaa ulioshika vizuri hauonyeshi moshi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu usingizini. Jiko hilo litolewe nje kabla ya kulala, hata kama dirisha liko wazi.