Faili Lililoharibika Hutambuliwaje?

Mwanafunzi aliyecheza mchezo wa kompyuta kwa wiki nyingi hulala akiamini kwamba yote aliyoyafanya yamehifadhiwa. Asubuhi anawasha chombo chake, na badala ya kuendelea alipoishia anakuta tangazo fupi: kumbukumbu zimeharibika. Watu wazima huenda wakalicheka jambo hilo. Hata hivyo, ndani yake mna swali zito: chombo kimejuaje kwamba kumbukumbu zimeharibika? Swali hilohilo huwahusu wanaotunza hesabu za benki, orodha za wagonjwa na matokeo ya mitihani.

Namba zilizopangwa

Kila kitu kinachohifadhiwa na kompyuta, kiwe jina la mchezaji, fedha zake au mahali alipofikia, huandikwa kwa namba. Namba hizo hukaa katika vifungu viitwavyo baiti, na kila baiti huweza kubeba namba yoyote kuanzia 0 hadi 255. Mkusanyiko wa baiti hizo ndio faili. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, huenda sehemu moja ikabaki na namba mpya na nyingine na namba za zamani.

Tuchukue mfano wa mchezo wa Pokémon Red, ambao toleo lake la Kiingereza lilitoka Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya chombo cha Game Boy cha kampuni ya Nintendo. Kumbukumbu zake hukaa ndani ya kaseti ya mchezo, katika hifadhi ya baiti 32,768 inayotegemea betri ndogo ya duara. Mchezo unapohifadhi, hujumlisha baiti 3,979 za sehemu kuu, hugawanya jumla hiyo kwa 256, kisha hulitoa baki katika 255. Jibu huandikwa katika baiti inayofuata. Jibu hilo huitwa jumla ya ukaguzi.

Hebu tufanye hesabu hiyo kwa baiti nne tu: 12, 200, 45 na 7. Jumla yake ni 264. Tukigawanya kwa 256, baki ni 8. Na 255 kutoa 8 ni 247. Sasa tuseme 45 imegeuka kuwa 46. Jumla inakuwa 265, baki 9, na jibu 246. Kwa kuwa 246 si sawa na 247 iliyoandikwa, faili linakataliwa.

Programu ya kukagua mafaili hufanya kazi hiyohiyo. Husoma nakala ya faili, hurudia hesabu, kisha hulinganisha jibu lake na lile lililoandikwa.

Mipaka ya hesabu

Karani wa ghala akihesabu magunia na kupata 100 kama ilivyoandikwa katika hati, bado hajui kama gunia moja la mahindi limebadilishwa kwa gunia la mchanga. Jumla ya ukaguzi ina udhaifu wa namna hiyo. Tukibadilishana nafasi za 200 na 45 katika mfano wetu, jumla hubaki 264, na kosa hupita bila kuonekana. Dawa mojawapo ni kuzidisha kila namba kwa nafasi yake: ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, na kuendelea. Hapo mpangilio wa awali hutoa 575, na ule uliovurugwa hutoa 730. Njia yenye nguvu zaidi, iliyoelezwa na W. Wesley Peterson wa Marekani mwaka 1961, hulichukua faili zima kama namba moja ndefu na kuligawanya kwa kanuni maalumu, na baki lake ndilo huwa alama ya ukaguzi.

Kutambua si kuponya

Ziko programu zinazoweza kuandika jumla mpya ya ukaguzi inayolingana na faili lililoharibika. Mchezo utalikubali faili hilo, lakini namba zilizopotea hazikurudi. Ni sawa na kuizima kengele ya hatari huku nyumba ikiendelea kuungua. Ubaya wake ni kwamba mwenye faili sasa anaamini kuwa yu salama, huenda akahifadhi juu ya nakala yake nzuri ya mwisho, na hapo hasara inakuwa kamili.

Watengenezaji wa Pokémon Ruby na Sapphire, michezo iliyotolewa Japani mwaka 2002, walichukua njia ya busara zaidi. Mchezo hutunza nakala mbili na kuandika katika moja baada ya nyingine kwa zamu. Nakala mpya isipopita ukaguzi, ile ya kabla yake hutumika. Ukaguzi huonyesha kwamba kuna kosa; kinachoponya ni nakala.

Zoezi

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani bila kompyuta. Chukua kitabu chenye namba ya ISBN ya tarakimu 13. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, na hivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Jumla lazima igawanyike kwa 10 bila baki. Badilisha tarakimu moja yoyote, nawe utaona kosa likijitokeza. Kisha wanafunzi watafute tarakimu mbili zinazofuatana ambazo zikibadilishana nafasi kosa halionekani, na waeleze kwa nini.