Chungu Kinachonasa Kipindupindu, na Mfuko wa Kukinunua

Msomaji wetu wa Nyanza-Lac ana swali. Shemeji yake aliyehamia Marekani amemwambia kwamba huko mtu hununua chujio la maji la nyumbani kwa pesa za akaunti ya akiba ya afya. Basi kwa nini kadi yake mwenyewe ya msaada wa matibabu, CAM, haimnunulii hata chungu cha kuchujia?

Shemeji amesema nusu ya ukweli. Akaunti hizo zilianza Marekani mwaka 2004, na mamlaka ya kodi haikubali kila kitu kinacholinda afya kwa jumla. Kwa chujio, kwa kawaida hutakiwa barua ya daktari inayotaja maradhi. Yaani hata huko pesa ya afya humngoja mgonjwa. CAM nayo, sawa na Mutuelle, bima ya watumishi wa serikali, ilitungwa kwa ajili ya vipimo, dawa na kulazwa.

Pwani yetu ya Ziwa Tanganyika haina sababu ya kungoja. Kipindupindu kiliporudi Rumonge mwaka 1992, watafiti waliwalinganisha wagonjwa na watu wasiougua. Matokeo, yaliyochapishwa katika The Lancet mwaka 1997, yalikuwa wazi: waliougua ndio hasa waliooga ziwani na kunywa maji yake. Tangu hapo ugonjwa umerudi mara nyingi, Nyanza-Lac ikiwemo.

Sasa nipeni nafasi nikae kwenye chungu chenyewe, maana ndicho kilichonivuta kujibu barua hii. Kilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na unga wa mbao au makapi ya mpunga, hufinyangwa, kisha huchomwa tanuruni kwa joto la nyuzi 800 hadi 900. Unga wa mbao huungua na kuacha nafasi tupu ukutani. Wengine huziita vinyweleo. Neno hilo silitaki hapa: kinyweleo ni kitundu cha unywele mmoja, na njia za humu hupinda, hugawanyika, nyingine huishia pasipo na mlango. Nitaziita penyo, ingawa sifa yake ni kuzuia kupenya.

Raha iko hapa. Kimelea cha kipindupindu kina unene wa karibu nusu ya maikroni, na maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Penyo nyingi za chungu ni pana kuliko hapo, baadhi zaidi ya mara kumi. Kwa upana peke yake, kimelea kingepita. Kwa kawaida hakipiti.

Mkumbuke mtoto anayetega ndege kwa ulimbo. Hasuki kizimba. Anapaka utomvu wa kunata kwenye vijiti na kuacha nafasi ambazo ndege angezipita bila shida. Lakini ndege haendi kwa mstari: huyumba, hutua, huchungulia, huruka tena. Akikikosa kijiti cha kwanza kipo cha pili, na nyuma yake kipo cha hamsini. Mtegaji anategemea wingi wa vijiti na tabia ya ndege; upana wa nafasi haumsumbui. Ndivyo ulivyo ukuta wa chungu. Ndani yake kimelea kinasukumwa huku na huko na maji, na kila kona hukisogeza kwenye udongo. Kwa ukubwa huo kugusa ni kunasa, kwa sababu mvutano mdogo kati ya vitu vilivyokaribiana mno huyashinda maji yanayotambaa. Watengenezaji hupaka pia chembe za madini ya fedha, nazo huua kilichonaswa. Ndiyo maana chungu kizima hutoa lita 1 hadi 3 tu kwa saa: maji yakienda mbio, ndege hatui.

Virusi ni vidogo zaidi na vingi huponyoka, na ndoo chafu inayopokea maji chini ya chungu huharibu kazi yote. Tuendelee. Nchini Kambodia, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta vyungu hivi vimepunguza kuhara kwa karibu nusu. Huko huko, familia ziliacha kuvitumia kwa kasi ya asilimia 2 kila mwezi, hasa kwa sababu vilivunjika. Kwa hiyo anayeweka akiba ya chungu aweke na ya mrithi wake.

Akiba ya namna gani? Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilijaribu jambo hili magharibi mwa Kenya, kwenye vikundi vya kuchangiana, wakachapisha mwaka 2013. Kisanduku cha kawaida chenye ufunguo, mwenyewe akiushika, kiliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kisanduku ambacho ufunguo wake alishika mtu mwingine mpaka lengo litimie hakikusaidia kununua vitu vya kinga. Kilichotia fora ni mfuko wa pembeni wa kikundi, ambao kila zamu humnunulia mwanachama mmoja kifaa cha afya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiingoje CAM. Lipelekeni jambo hili kwenye ikirimba yenu, yaani kikundi chenu cha kuchangiana: mchango mdogo wa ziada kila zamu, na mpokeaji apewe chungu mkononi badala ya noti. Zamu zikiisha, mfuko uendelee kwa ajili ya vilivyovunjika. Mkienda kununua, jazeni chungu maji, mngoje saa moja. Kikitoa zaidi ya lita 3, huenda kina ufa: kiacheni dukani.