Sumaku haipimi fedha: glasi za chai za Kisovieti na vishikio vyake

Glasi sita nyembamba, kila moja imesimama ndani ya kishikio cha madini chenye mkono mmoja na nakshi za mizabibu, Kremlin, treni au setilaiti ya Sputnik, ni seti ya chai kutoka Urusi au jamhuri nyingine ya uliokuwa Muungano wa Kisovieti. Kishikio huitwa podstakaniki. Seti za aina hii zilizomo katika makabati ya Afrika Mashariki na Kongo aghalabu huhusishwa na waliokwenda kusoma huko, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kufunguliwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Kizazi cha pili hukabidhiwa seti hiyo harusini bila maelezo, na hapo ndipo vishikio vinapogeuzwa vya mishumaa na glasi zikawa za sharubati.

Kazi ya seti hii ni chai ya moto, basi. Glasi haina mkono na huunguza vidole, kwa hiyo kishikio huushika moto kwa niaba ya mnywaji. Uzito wake na kitako chake kipana huizuia glasi isipinduke, jambo lililokifanya kipendwe sana katika reli. Hadi leo wahudumu wa mabehewa ya masafa marefu nchini Urusi huwaletea abiria chai ndani ya vyombo hivi. Kishikio kidogo kisicho na mkono, chenye umbo la kikombe cha yai, ni kitu kingine: hicho ni zarfu ya Kituruki, na hubeba kikombe cha kahawa.

Swali linaloulizwa, hata hivyo, halihusu chai. Huulizwa kama ni fedha, na muulizaji huwa tayari ana jibu lake: sumaku imewekwa, haikunasa, kwa hiyo ni fedha. Kipimo hiki kimeenea mno, na hakifai kitu. Sumaku hunasa chuma na jamaa zake wachache. Shaba hainaswi. Shaba nyeupe, shaba ya njano, aluminiamu, risasi na bati havinaswi. Sumaku ikinasa, mtu amejua kwamba ndani mna chuma au mmoja wa jamaa hao. Isiponasa, hajajua lolote ila kwamba chuma cha kawaida hakimo. Anayeuza aluminiamu kwa bei ya fedha anaweza kuileta sumaku yeye mwenyewe, na huileta.

Vishikio vingi vya Kisovieti vilitengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki. Nikeli ikiwa peke yake hunaswa na sumaku, lakini ikichanganywa na shaba kwa kiwango cha humo, takriban asilimia 15, tabia hiyo hupotea. Matokeo yake ni madini meupe, mazito, yenye mng'aro, yasiyonaswa na sumaku, wala hayana hata chembe ya fedha isipokuwa utando uliopakwa juu. Utando huo ndio unaoangusha vipimo vingine vya mitaani. Husemwa kwamba kikigeuka cheusi ni fedha: utando ni fedha kweli, nao hugeuka mweusi. Tone la asidi nalo hujibu kuhusu utando tu, kisha huacha doa lisilotoka.

Jibu limeandikwa chini ya kitako au ubavuni mwa mkono, kwa alama ndogo zinazohitaji lenzi na uvumilivu wa dakika mbili. Herufi МНЦ, ambazo wengi huzisoma kama MHU na kuzidhania jina la sonara, ni ufupisho wa Kirusi wa aloi iliyotajwa: shaba, nikeli, zinki. Neno Кольчугино ni Kolchugino, mji wa mkoa wa Vladimir wenye kiwanda cha madini kilichoanzishwa mwaka 1871 na kilichotoa vishikio hivi kwa wingi. Herufi Ц ikifuatwa na tarakimu, kisha р. na к., ni bei ya dukani kwa rubo na kopeki, wala si kiwango cha usafi. Bei hiyo husaidia kukisia umri, kwa kuwa Januari 1961 rubo kumi za zamani zilibadilishwa kwa moja mpya: kishikio cha kawaida chenye bei ya rubo chache huelekea kuwa cha baada ya hapo.

Fedha halisi ya Kisovieti hubeba namba, mara nyingi 875, yaani sehemu 875 za fedha katika 1,000. Kando yake huwapo mhuri wa serikali: kichwa cha mfanyakazi mwenye nyundo kuanzia 1927, na nyota yenye nyundo na mundu kuanzia 1958. Namba 84 ni ya zama za wafalme wa Urusi, waliogawa madini safi katika sehemu 96. Ukipiga hesabu, 84 kwa 96 ni 875 ileile. Iran nayo ilitumia 84, kwa hiyo namba hiyo bila mhuri wa Kirusi haithibitishi nchi.

Chapa ikiwa imefutika, kishikio kitolewe glasi, kipimwe uzito kikavu, kisha kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji, na uzito wa kwanza ugawanywe kwa tofauti. Aloi hutoa karibu 8.7, fedha ya 875 zaidi kidogo ya 10. Mkono wenye uwazi ndani huharibu hesabu. Anayetaka kuuza aende kwa sonara mwenye mashine ya eksirei. Kuosha: maji ya vuguvugu, sabuni laini, kitambaa, si majivu, si dawa ya meno, kwani weusi ulio katika mifereji ya nakshi uliwekwa kiwandani kwa makusudi na ukisuguliwa haurudi. Glasi iliyovunjika hubadilishwa kwa yoyote nyembamba yenye ubavu ulionyooka, na inayocheza kidogo ndani ya kishikio ni bora kuliko inayobana.