Betri Ikiisha, Mchezo Nao Umekwisha?

Mwezi huu tunaongea kuhusu gemu. Wazazi msikunje uso, siyo habari ya kugombeza watoto. Ni habari ya kitu cha zamani kilichokaribia kupotea, na watu waliokiokoa.

Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter II, mchezo wa kupigana wa watu wawili kwenye mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Ulipendwa mno. Mwaka 1993 Capcom ikaleta mashine mpya, CPS-2. Kwa kuogopa wezi, michezo yake ilifungwa kwa namba za siri, na namba hizo, yaani ufunguo, zikahifadhiwa kwa nguvu ya betri ndogo. Sasa tazama: betri ikiisha, ufunguo unafutika. Mchezo bado umo ndani ya mashine, lakini hauchezeki tena.

Mwaka 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria alianzisha MAME, programu inayoifanya kompyuta ya kawaida iige mashine hizo za zamani. Mwaka 2007 yeye na mwenzake wakafumbua siri ya CPS-2. Mwaka 2016 mafundi wakatangaza njia ya kuzirudishia ufunguo mashine zilizokufa. Tangu 2014 maktaba ya Internet Archive ya Marekani imeweka kwenye intaneti mamia ya michezo ya mashine za sarafu. Na kwa programu ya Fightcade, watu wawili walio nchi mbalimbali wanapigana kama wamesimama bega kwa bega.

Je, ni halali? Vijana tuelewane: programu ya kuiga mashine ni kitu kimoja, mchezo wenyewe ni kitu kingine, tena una mwenyewe. Capcom bado inauza ya zamani; mwaka 2018 ilitoa mkusanyo wa michezo 12 ya Street Fighter.

Sisi tuliokimbia makwetu habari hii inatugusa. Kitu kikikaa mahali pamoja tu, siku moja kinatosha kukipoteza. Basi familia yenye cheti kimoja ipige fotokopi, nyingine ikae kwa ndugu. Na nyimbo anazozijua bibi peke yake, jamani, mjukuu akae naye jioni na daftari, aziandike.