Kabla ya kununua kipakatalishi cha kusomea makala za kitaaluma

MWANAFUNZI wa uzamili anapoanza kuandaa tasnifu yake, mzigo wa kwanza unaomlemea si uandishi bali usomaji. Makala za majarida ambazo maktaba za vyuo vikuu nchini huzipata kupitia muungano wa KLISC humfikia zikiwa faili za PDF. Aidha azichapishe kwenye karatasi, kila ukurasa kwa ada yake, au azisome katika skrini ya tarakilishi.

Skrini ya kawaida, hata hivyo, haimruhusu kuandika swali pambizoni kwa kalamu kama alivyozoea. Haja hiyo ndiyo iliyozaa kipakatalishi ambacho skrini yake hugeuzwa, ikalazwa juu ya kibodi na kuandikwa mithili ya daftari.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo Novemba 2002, kampuni ya Microsoft ilizindua jijini New York toleo la Windows XP lililokusudiwa mitambo ya aina hiyo. Mwaka mmoja awali, Bill Gates alikuwa ametabiri kwamba katika muda wa miaka mitano ndiyo ingekuwa tarakilishi inayonunuliwa zaidi Marekani. Utabiri huo haukutimia, kwani mitambo hiyo ilikuwa ghali na mizito mno kushikwa kwa mkono mmoja. Tableti ya iPad ilipotokea mwaka 2010 ilikuwa nyepesi, ila kalamu yake rasmi ilisubiriwa hadi 2015.

Kwa msomaji wa makala, suala kuu ni umbo la skrini wala si kasi ya mtambo, ingawa wauzaji hupenda kusifu kasi. Ukurasa wa A4 una kimo cha sentimita 29.7 na upana wa 21. Skrini ya inchi 10 yenye uwiano wa nne kwa tatu ikisimamishwa wima ina kimo cha sentimita 20 hivi; ukurasa mzima husinyaa hadi thuluthi mbili na tanbihi zikawa kama sisimizi. Inchi hizo hupimwa kwa mshazari, na hapo ndipo wengi huhadaika. Skrini ya inchi 13.3 iliyoundwa kwa ajili ya filamu, yenye uwiano wa 16 kwa 9, ina upana wa chini ya sentimita 17 inaposimamishwa, ilhali ya inchi 13 yenye uwiano wa tatu kwa mbili hufikia 18. Sentimita hiyo moja na ushei ina faida kubwa kwa makala zilizopangwa kwa safu mbili.

Kalamu nazo hutofautiana. Zipo zinazotumia betri, na zipo zinazopata nguvu kutokana na uga wa sumaku unaotolewa na bamba lililo nyuma ya skrini, hivyo hazihitaji chaji kamwe. Mtambo mzuri pia hutambua kiganja kilichoegemezwa na kukipuuza.

Hatari kubwa zaidi haionekani dukani. PDF, iliyobuniwa na Adobe mwaka 1993, ilifanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, na maandishi ya pambizoni yakihifadhiwa ndani ya faili yenyewe husomeka katika programu nyingine. Lakini zipo programu zinazoyaweka katika hazina yao ya pekee. Mtafiti anapobadilisha mtambo, au ule wa kwanza unapoibwa ndani ya matatu, kazi ya miaka miwili hutoweka huku makala zenyewe zikibaki salama.

Je, kuandika kwa mkono kuna manufaa yoyote kuliko kupiga chapa? Utafiti wa Mueller na Oppenheimer uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanafunzi waliopiga chapa walinakili mhadhara neno kwa neno na kushindwa na wenzao katika maswali ya dhana. Watafiti wengine walioujaribu tena mwaka 2019 hawakupata tofauti ya kutegemewa. Kwa hivyo, mwenye kuridhika na kibodi hana sababu ya kulipia kalamu.

Anayeihitaji, hasa akinunua mtambo uliokwisha kutumika, afungue makala yenye majedwali papo hapo dukani, aandike katika pembe zote nne za skrini, ahifadhi, kisha aifungue faili hiyo katika simu yake. Maandishi yasipoonekana huko, aulizie mtambo mwingine au programu nyingine kabla ya kutoa pesa.