Mwanao wa Makongeni na Mzigo wa Mawazo

Bwana Mkulima, ng'ombe wako akiacha majani asubuhi na kusimama peke yake penye ua, masikio yameanguka, hungoji mwezi uishe. Utampapasa kujua kama ana homa, utatazama tezi zake kwa kuogopa ndigana, na kabla ya mchana utakuwa umekwisha mwita Bwana Mifugo. Lakini mwanao aliyeko Nairobi akiacha kupiga simu, akija nyumbani Krismasi na kukaa nyuma ya jiko bila kusema na watu, chakula akakigusa tu, twasema, "Mji umemharibu." Au twasema ana kiburi. Basi miezi hupita.

Yafaa tueleze jambo linaloweza kuwa limempata, na kazi uliyo nayo wewe uliye shambani.

Tuchukue mfano wa Makongeni. Jina lenyewe lasikika kama la shamba, mahali penye makonge, lakini mtaa ule ulijengwa kwa wafanyakazi wa reli, kando ya njia ambayo zamani iliitwa Doonholm Road na sasa ni Jogoo Road. Siku za ukoloni vyumba vingi vya Nairobi vilikusudiwa mwanamume aishi peke yake, na mke na watoto wabaki nyumbani kulima. Hivyo nyumba moja ikawa na mafiga mahali pawili. Baba mjini alihesabu shilingi za karo, mama shambani alihesabu siku za mvua, na kila mmoja alimficha mwenzake shida yake ili asimtie wasiwasi. Desturi hiyo ya kufichana haijaisha hata leo, ingawa kila mtu ana simu mfukoni.

Kisha mambo ya kazi yakageuka. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya watu binafsi, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Mitaa ya reli, kama Makongeni na Muthurwa, iliwekwa chini ya mfuko wa malipo ya uzeeni wa watu wa reli. Tangu hapo habari ya kuhama ilikuwa ikisikika, ikinyamaza, ikisikika tena, mpaka mwaka 2025 wakaaji wa Makongeni walipotakiwa kuondoka ili pajengwe majumba mapya ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Nyumba mpya ni jambo jema. Hata hivyo, mtu aliyezaliwa katika chumba kile, na watoto wake wasoma shule iliyo karibu, hulala akiwaza atakwenda wapi, hata kama amepewa cha kumsaidia kuhama.

Sasa tutazame jinsi mawazo yanavyoufanyia kazi mwili. Mbuzi akimwona chui, tezi ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga maji yake katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi huenda haraka, misuli hukaza, na mbuzi huruka ua ambao siku nyingine hawezi kuuruka. Chui akiisha kwenda, mwili hutulia na mbuzi hurudi kula. Mwanadamu ameumbwa vivyo hivyo. Lakini kodi ya chumba, mkopo wa simu unaodaiwa kila siku, kazi ya kibarua isiyojulikana kama kesho itakuwapo, hao ni chui wasiokwenda zao. Mwili wake hukaa tayari kukimbia usiku na mchana, wala hana mahali pa kukimbilia. Huo ndio uitwao msongo wa mawazo.

Mzigo huo ukikaa muda mrefu, usingizi hukatika, na mtu huamka saa tisa za usiku asilale tena. Kichwa huuma, tumbo huvurugika, mgongo hukaza, naye hununua dawa za maumivu dukani kila juma bila kupona, maana hakutibiwa kinachomsumbua. Huwa mkali kwa watoto kwa kosa dogo. Husahau. Wengine hutafuta usingizi katika chang'aa, nayo huwapa usingizi wa saa mbili na deni jipya asubuhi. Ikiwa huzuni imekaa karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, na mtu hafurahii tena hata yale aliyoyapenda, hapo pengine si mawazo ya kawaida tena, bali ni ugonjwa. Ugonjwa huo hutibika kwa mazungumzo ya utaratibu, au kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya mjini tu. Wazee wetu walipogawiwa mashamba katika mpango wa eka milioni ulioanza mwaka 1962, walikabidhiwa na deni pamoja na ardhi, na wengi walilipa miaka mingi kabla ya kuona hati. Mtu aliyekwisha ngojea mvua huku siku ya kulipa ikikaribia ajua vizuri maana ya kukosa usingizi. Kwa nini basi tumwone mwana wa Makongeni kuwa mlegevu?

Na hapa tuseme wazi, hata kama wengine hawatapenda. Mara nyingine mzigo huo twaongeza sisi wenyewe. Simu ya kwanza ya mwezi ni ya mbolea, ya pili ni ya karo ya ndugu yake, ya tatu ni ya harusi ya binamu. Hakuna hata moja ya kumwuliza amelalaje. Kijana aliyepoteza kazi mwezi wa tatu atakopa hata mwezi wa nane ili asikuambie, kwa sababu umekwisha sema sokoni kwamba ana kazi nzuri. Mwambie hali ya shamba ilivyo kweli, naye apate njia ya kukuambia hali yake ilivyo kweli. Kama mahindi yapo ghalani, gunia moja kwa matatu au basi laweza kumwondolea wasiwasi wa mwezi mzima.

Kumsikiliza mtu ni kazi ya kufundishwa, na mtu wa kawaida aweza kuijifunza. Katika viunga vya Nairobi ulifanywa uchunguzi, ukatangazwa mwaka 2017, kwa wanawake 421 wenye dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamepatwa na ukatili. Wale walioonana mara 5 na wahudumu wa afya waliofundishwa njia iliyotungwa na Shirika la Afya Duniani walipata nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Wahudumu hao hawakuwa madaktari. Walifundisha kuvuta pumzi polepole mpaka tumboni, kuchagua shida moja inayoweza kutengenezwa na kuianza, kurudia kidogo kidogo kazi zilizoachwa, na kutafuta watu wa kusaidiana nao. Hilo la shida moja mkulima alijua tayari, maana hakuna apaliliaye shamba zima kwa siku moja.

Ikiwa hali ni nzito zaidi, aende kituo cha afya, naye ataelekezwa. Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, watu wengi bado huiogopa kwa majina mabaya iliyopewa zamani, lakini wengi wanaotibiwa huko huonwa na kurudi nyumbani siku ile ile. Simu 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo. Tena jueni kwamba mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua yapingana na Katiba. Kwa hiyo msifiche kwa kuogopa polisi.

Ukishuku kwamba mwanao amechoka na maisha, mwulize waziwazi kama amewaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuoshea mifugo na za kunyunyizia mimea ziwekwe chini ya kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Nchi ya Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za mimea zilizo kali zaidi, idadi ya watu wanaojiua ilipungua kwa karibu asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015, kwa kuwa saa ile ya giza ilipita bila sumu kuwa karibu.

Atakaporudi nyumbani, usimpokee langoni kwa maneno ya fedha. Mpe chai, umwache alale. Kesho yake mpe kazi nyepesi ya mikono, kama kukata majani ya ng'ombe au kutengeneza ua, nawe ufanye naye. Wanaume wengi husema zaidi wakiwa na panga mkononi na macho yao yako kwenye kazi kuliko wakiketishwa kitini na kuulizwa. Akianza kusema, usimkatize.