Msumeno Mzuri Hauli Mbao Bure

Katika jamaa zetu za Kolwezi kijana akitafuta kazi, wengi wanafikiri mgodi tu. Lakini kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines katika mpango mmoja. Tangu pale tunajua vizuri faida ya kazi ya mikono. Useremala ni kazi moja ya namna hiyo. Leo tuseme juu ya msumeno wa mkanda, ule wenye kuzunguka juu ya magurudumu mawili, na namna ya kupasua mbao nao.

Ubao mmoja unapotelea wapi?

Kuko mafundi wanaosema: "Msumeno ni msumeno tu." Sivyo. Twaa boriti ya sentimita 30, uipasue mbao za milimita 25. Msumeno wa duara unaokula milimita 4 kila mara utakupa mbao 10. Mkanda unaokula milimita 1,5 utakupa mbao 11. Ubao ule mmoja ni chakula cha watoto. Kwa fundi mwingine umekuwa unga chini ya mashine. Tena mukula na mulombwa wa pori letu inakua polepole. Tusiiharibu bure.

Kuchagua mkanda

Kwa kupasua, tafuta mkanda mpana, wenye meno makubwa na machache. Kwa mti wa kimo cha sentimita 15 au 20, meno 3 kwa inchi moja yanatosha. Meno madogo mengi yanajaa unga, mkanda unapata moto na kupotea njia, na ubao unatoka na tumbo. Mkanda mwembamba uuache kwa kukata mapindo ya viti.

Angalia na unene. Gawanya upana wa gurudumu kwa 1.000: gurudumu la milimita 600 linataka mkanda usiopita milimita 0,6. Ukizidi, utachoka kwa kupindwa kila mzunguko, mwisho utakatika.

Kuutunza

• Noa mbele meno hayajaisha kabisa. Ukianza kusukuma mti kwa nguvu, au kusikia harufu ya kuungua, simamisha.
• Unapopiga tupa, acha bonde kati ya meno liwe la mviringo. Pembe kali ndiyo mwanzo wa ufa.
• Meno yapindwe sawasawa, kushoto na kuume. Upande mmoja ukizidi, mkanda unavuta upande ule.
• Safisha utomvu. Ukikauka juu ya meno unaleta moto.
• Mbao za masanduku ya zamani, tafuta misumari kwanza. Msumari mmoja unaharibu meno ya mkanda mzima.
• Jioni legeza mkanda, ili upumzike pamoja na magurudumu.

Vijana, sikilizeni

Umeme ukikatika, zima mashine palepale, maana unaweza kurudi wakati mkono wako uko karibu na meno. Sehemu ya mwisho ya ubao, sukuma kwa kijiti, si kwa vidole. Funika pua: unga wa mbao ngumu unaumiza mapafu. Mkanda unaweza kuununua tena. Kidole hakiuzwi sokoni.

Jioni hii, jamaa isome pamoja Mhubiri 10:10, habari ya chuma kisicho na makali. Kisha baba amuulize kijana: chombo chako cha kazi, ulikinoa lini?